Nimpaye na Mgeni wa Kampuni

Nimpaye alikulia katika nyumba ambayo mgeni akishakaa haambiwi jambo baya. Mama yake, Selestina, aliyevuka kutoka Burundi akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, alikuzwa na wazazi ambao hawakuja na kitu huku Ngara isipokuwa adabu, na adabu hiyo aliilinda kuliko mbuzi wake. Mwaka mmoja upepo uling'oa paa la nyumba yao pale Mabawe, bati zikaenda kutua kwenye migomba ya watu. Katekista alipita akawakuta wamekaa ndani ya kuta nne, mvua inawanyeshea utosini. Akauliza, "Habari za hapa, mama?" Selestina akamjibu, "Ni amani tu, baba. Karibu ukae." Akampangusia kiti, na kiti kikalowa tena kabla mgeni hajakikalia. Hadi leo watu wa Mabawe wakitaka kucheka wanakumbushana kisa hicho.

Wanaocheka husahau kilichofuata. Katekista alipoaga, Selestina alimsindikiza mpaka kwenye mikaratusi ya njia panda, na huko ndiko alikoangua kilio na kueleza kila kitu, tangu bati mpaka unga ulioharibika. Kesho yake waumini walifika na nyundo na misumari. Ndivyo ilivyo kwao. Ndani ya nyumba mgeni hupewa kiti, kinywaji na majibu mema, na shida husemwa njiani, akisindikizwa, watu wanapotembea bega kwa bega bila kutazamana usoni. Mgeni aliyelelewa vizuri hujikongoja makusudi, akingojea aambiwe.

Basi Nimpaye aliolewa hapohapo Mabawe, akaenda na adabu hiyo yote. Mume wake, Pius, alikuwa mtanashati kupita kiasi. Alipiga shati pasi ya mkaa hata kama alikuwa anakwenda kupalilia maharage, na hakuna aliyewahi kumwona gulioni miguu ikiwa na vumbi. Wenzake walimtania kwamba hata jembe lake analipaka mafuta. Yeye alicheka nao, kisha akaenda kuoga. Nimpaye alimpenda kwa hilo, japo lilimgharimu sabuni nyingi, na alikuwa akisema wazi mbele ya mawifi kwamba yeye kaolewa na mtu anayenukia.

Binti yao Ineza alipofaulu kwenda sekondari, Pius akatafuta kazi ya mshahara. Kulikuwa na mgodi upande wa Biharamulo, mbele ya Nyakanazi, wenye ua mrefu na taa zinazowaka hata mchana. Hakuajiriwa na kampuni yenyewe. Aliajiriwa na mkandarasi aliyeiuzia kampuni kokoto, lakini kofia ngumu ilikuwa ileile, na kizibao kinachong'aa kilikuwa kilekile, na kila asubuhi walisimamishwa mstari na kuhubiriwa usalama. Alipokuja likizo alikikunja kizibao kile kama joho la padri. Aliwaeleza watu kwamba mgodini mtu hapandi hata ngazi bila kushika ukuta, na Nimpaye alilala usingizi akiamini kwamba mahali wanapohubiri hivyo mume wake hawezi kudhurika.

Mwezi wa kumi lori la kokoto lilirudi nyuma bila king'ora, kwa kuwa king'ora kilikuwa kimekufa na kila mtu alijua kimekufa. Likambana Pius nyonga kwenye ukingo wa zege. Wenzake walipiga ubavu wa lori kwa ngumi mpaka dereva akasikia.

Walimlaza hospitali ya misheni kule Rulenge, na hospitali ilimtendea vyema kwa uwezo wake wote. Nimpaye alikaa naye hadi karibu na Krismasi. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimwita pembeni, akamkabidhi barua ya rufaa.

"Mfupa unaunga, mama," alisema. "Lakini njia ya mkojo imeumia, na hiyo sisi hatuiwezi. Mwanza wana mtaalamu. Mgodi una utaratibu, mtu wao atakuja nyumbani kwako kuona hali yake. Mwambie mkojo unavuja na homa inarudi, watampeleka kwa gari lao na watalipia. Usikae kimya, mama yangu. Uchafu ukiingia kwenye damu hatutakuwa na la kufanya."

Nimpaye aliitikia. Aliyaelewa maneno yote, na hili lazima lisemwe, kwa sababu baadaye wapo waliodai kwamba hakuelewa. Tatizo halikuwa kuelewa.

Pius, yule mtanashati, sasa alikuwa analowa. Nimpaye alimfungia vitambaa vya kanga, akavibadilisha asubuhi, mchana na jioni, akavifua kijitoni kabla wanawake wengine hawajateremka, akavianika nyuma ya nyumba kwenye miti ya kahawa ambako hapiti mtu. Chumba kilinuka. Pius alijua kinanuka. Aliacha kuwakaribisha rafiki zake, na Ineza alipokuja likizo alimkataza mtoto asiingie kumsalimia, akazungumza naye kupitia pazia. Usiku wa kwanza nyumbani alimshika mke wake mkono.

"Nimpaye, hili ni lako na langu. Hata kaka asijue. Usinivue nguo mbele za watu."

"Na watu wa kampuni wakija?"

"Hao ndio kabisa. Wakisikia nimeharibika kiasi hiki, kazi wanampa mwingine. Waambie napona."

Nimpaye alimfunika vizuri. Moyoni alikuwa ameshapanga. Ndani ya nyumba angesema vizuri, kama anavyotaka mume wake na kama alivyofundishwa. Kisha angemsindikiza mgeni, na wakifika kwenye mikaratusi angemwambia ukweli wote. Pius asingesikia, heshima yake ingebaki, na gari la Mwanza lingekuja. Aliuona mpango huo kuwa mzuri, na kwa kweli ungekuwa mzuri kwa mgeni mwingine yeyote.

Mgeni alikuja mwezi wa kwanza. Aliitwa Tecla, binti wa Bukoba, afisa wa kampuni wa mambo ya jamii, mpole, mwenye kishikwambi mkononi na matope kwenye viatu. Kazi yake siku zile ilikuwa kuzungukia watu wote walioumia mwaka uliopita, kwa sababu kampuni ilikuwa inaandaa ripoti yake ya mwaka, ile wanayoiita ripoti ya uendelevu, inayoeleza imeajiri watu gani, imeharibu na kutengeneza nini katika mazingira, na nani ameumia kazini na amefikia wapi. Ripoti ilikuwa inangojewa Dar es Salaam, na huko Dar ilikuwa inangojewa na wazungu wenye hisa.

Nimpaye alikuwa amepewa taarifa na mwenyekiti wa kitongoji. Alimwogesha Pius, akamfunga vitambaa vikavu, akamvalisha shati jeupe, akamkalisha kwenye kiti chenye mto. Kisha akachoma majani ya mkaratusi kwenye kigae na kukizungusha chumba kizima mpaka macho yao wote wawili yakatoa machozi.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama Ineza," alisema Tecla mlangoni.

"Marahaba, marahaba. Karibu mgeni, karibu ukae."

Alipewa kiti cha pekee chenye mgongo, akapewa chai ya maziwa. Alikunywa nusu kikombe kwa haraka, akafungua kishikwambi.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Hajambo," alisema Nimpaye. "Tunamshukuru Mungu."

"Mimi mzima, mama," alidakia Pius kutoka kwenye mto wake, sauti imenyooka. "Huu mguu ukipata nguvu kidogo narudi kazini. Wasalimie wenzangu."

"Oh, nimefurahi sana. Maumivu je?"

"Ya kawaida tu."

"Hakuna tatizo jingine lolote?"

Pius alimtazama mke wake. Nimpaye aliona jasho juu ya mdomo wake, na akaona kidole chake kinavuta shati lifunike magoti.

"Hakuna," alisema Nimpaye. "Amani tu."

Tecla alitabasamu na kugusa kioo. Alifurahi kwelikweli. Siku hiyo alikuwa ametoka nyumba ya mtu aliyekatwa vidole, na alikuwa na nyumba nyingine za kufika kabla ya giza. Aliinuka, akashukuru kwa chai, akashikana mikono na Pius.

Nimpaye alijifunga kitenge vizuri. Maneno alikuwa nayo tayari, ameyatia mpangilio tangu alfajiri akifua, aanzie wapi, aseme mkojo kwa neno gani la heshima mbele ya binti mdogo, wasimame wapi. Alitoka nyuma ya mgeni. Gari lilikuwa hapohapo, pua yake karibu iingie sebuleni, na dereva, Laurian, alikuwa ameshawasha injini.

"Ngoja nikusindikize, mwanangu," alisema Nimpaye.

"Aa, usijisumbue mama. Nina gari."

Mlango ukafungwa. Nimpaye alibaki amesimama na maneno yake yote kinywani. Gari liligeuza kwenye uwanja, likashika njia, naye akalifuata, kwanza kwa mwendo wa mtu mzima, kisha akikimbia kidogo, mkono ameuinua juu. Tecla alimwona kwenye kioo. Akadhani anaagwa. Akatoa mkono dirishani, akampungia naye kwa furaha mpaka gari likapotea nyuma ya mikaratusi.

Pius alipomsikia anarudi aliuliza, "Kaondoka?"

"Kaondoka."

"Asante," alisema Pius, na hilo neno lilimuuma Nimpaye kuliko tusi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakufunga safari ya mgodini kesho yake. Ni rahisi kuuliza ukiwa hukuwa pale. Alimwendea kaka wa mumewe, Nshoma, mkubwa wa ukoo, akamwambia kwa kuzungukazunguka kwamba Pius hajapona vizuri na inafaa kampuni ijulishwe. Nshoma alimkatiza.

"Shemeji, si alisema mwenyewe mbele ya mgeni kwamba ni mzima? Sasa wewe uende kusema ni mwongo? Watarudi tu. Subiri."

Alisubiri. Alinunua vidonge duka la dawa, homa ikashuka, Pius akala ndizi bakuli zima na kuomba shati lipigwe pasi. Nimpaye akaona pengine Mungu ameamua kuwasaidia. Wiki iliyofuata homa ikarudi. Vidonge vingine, ikashuka. Hivyo hivyo, juu na chini, mpaka maharage yakaota na kuchanua, na Pius akabaki macho na mifupa. Kila gari lililolia barabarani Nimpaye alitoka nje kuangalia. Hayakuwa yao.

Mwezi wa tatu ukaitishwa mkutano kwenye ofisi ya kata. Kampuni ilikuwa inapita kwenye kata zote inakotoka nguvukazi yake, kuwasomea wananchi ile ripoti. Bwana mmoja mwenye tai alisimama kwenye kipaza sauti akasema amewaletea muhtasari wa ripoti ya uendelevu. Neno lilikuwa jipya, na mzee aliyekaa mbele aliuliza kama uendelevu huo unapulizwa shambani kabla au baada ya palizi. Watu walicheka sana. Bwana mwenye tai alicheka pia, akaendelea. Alisoma miti iliyopandwa. Alisoma maji yanayosafishwa na kutumika tena, na asilimia ya wanawake walioajiriwa, na visima. Watu walipiga makofi kwenye visima.

"Kuhusu usalama kazini," alisoma, "tunayo furaha kuwajulisha kwamba mwaka uliopita hatukuwa na kifo hata kimoja. Wafanyakazi wote walioumia, wakiwemo wa makandarasi, wametembelewa majumbani na wamethibitishwa kuwa wanaendelea vizuri."

Makofi tena. Jirani wa Nimpaye alimgusa begani akamwambia hongera, kumbe Pius amepona. Nimpaye alikuwa na kitambaa cha mumewe mkobani, kile alichombadilisha asubuhi, kwa sababu hakupata nafasi ya kukifua, na hicho ndicho alichokuwa amekishika kwa ndani watu wakipiga makofi. Alitamani ainuke, akitoe, akitandaze juu ya meza ya yule bwana. Hakuthubutu. Alimtafuta Tecla kwa macho, akamwona amesimama kando ya gari, akamwendea moja kwa moja na kumshika mkono.

"Mwanangu, tutembee."

"Shikamoo mama Ineza! Baba anaendeleaje?"

"Tutembee kwanza."

Tecla alitaka kutazama saa. Kisha alimtazama Nimpaye usoni, akampa mwenzake kishikwambi. Walitembea kando ya uwanja wa shule, na hapo Nimpaye akasema. Hakukumbuka tena maneno ya heshima aliyokuwa ameyapanga. Alisema mkojo, akasema usaha, akasema homa na Mwanza na kauli ya daktari, na mwisho akafungua mkoba. Tecla aliweka mkono mdomoni.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ningekuambia nikikusindikiza."

Tecla alisimama kabisa. Kwao Bukoba pia watu husindikizana. Bibi yake alikuwa hamwachi mgeni mpaka wafike mtoni. Alilijua jambo hilo tangu utoto, na siku ile halikumpitia hata akilini, kwa sababu ya gari na nyumba zilizokuwa zimebaki. Alianza kulia, na Nimpaye, ambaye hakuwa na muda wa machozi ya mtu mwingine, akamwambia, "Twende. Twende sasa hivi."

Laurian aliendesha mpaka mlangoni kama mara ile. Nshoma alikuwepo, amekaa uani. Ndani, Pius alikuwa amelala kitandani, blanketi hadi kidevuni, midomo imepasuka kwa joto. Aliposikia sauti ya mgeni alijaribu kujiinua kwa viwiko.

"Karibu, mama. Nimpaye, mletee mgeni kiti," alisema. "Sijambo. Leo nimeamka na mafua tu."

Tecla alitafuta kiti kwa macho. Nshoma alikuwa amesimama mlangoni. Nimpaye aliona kwamba wote wangekubali, kwamba hata sasa, na mtu anaungua mbele yao, wangeketi na kunywa chai.

"Anakufa," alisema. "Anadanganya. Anakufa, na mimi nilidanganya pamoja naye." Akalishika blanketi na kulivuta lote mpaka chini.

Pius alilala pale jinsi alivyokuwa, na vitambaa, na harufu, na ngozi iliyochubuka mapajani, mbele ya binti wa Bukoba na kaka yake mkubwa. Alikuwa mwanaume aliyekuwa akiosha miguu kabla ya kwenda gulioni. Alifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Umenivua, Nimpaye," alisema ndani ya viganja.

"Ego," alisema Nimpaye. Ndiyo. "Nisamehe. Inuka twende."

Walimbeba na godoro lake, Laurian kichwani, Nshoma miguuni bila kumtazama mtu, wakamlaza kiti cha nyuma. Nimpaye alikaa sakafuni mwa gari karibu na kichwa cha mume wake. Walishika lami wakielekea Nyakanazi, ili wapitie Geita wafike Mwanza. Njia nzima aliongea naye. Alimwambia habari za Ineza, akamwambia maharage yamechanua, akamwomba amwangalie tu, hata kama ni kwa hasira. Pius alikuwa amegeuzia uso mgongo wa kiti. Mahali fulani kabla ya Lusahunga aliomba maji. Nimpaye alimwekea chupa mdomoni, Pius akafumba mdomo. Tecla alipoichukua chupa ile ile na kumwekea, Pius alikunywa.

Nyakanazi kulikuwa na pilikapilika zake za kila siku, malori ya kwenda Rwanda na Burundi yamepangana, ndizi zinachomwa, makondakta wanagombania abiria. Laurian alisimama kuweka mafuta. Muuza mishikaki alichungulia dirishani, akaona, akaondoka na sinia lake. Nimpaye alisikia pumzi ya Pius imebadilika. Alimwita kwa jina. Alimwita baba Ineza. Akamshika kidevu amgeuze, na uso ukageuka kirahisi mno, na macho yalikuwa hayamwoni tena.

Alilia kwa sauti pale kituo cha mafuta, kilio ambacho mama yake asingemruhusu kulia mbele ya wageni. Madereva wa malori walivua kofia. Mhudumu wa pampu, msichana asiyemjua kabisa, aliacha kazi yake, akaja kumshika.

Walimzika Mabawe, kando ya migomba yake. Siku ya tatu ya matanga Tecla alirudi na mabwana wawili wa ofisi, watu wa heshima, waliovua viatu mlangoni. Walieleza kwamba ripoti imeshatoka na kifo hiki hakimo, kwa kuwa marehemu alishathibitishwa kupona. Ili kihesabiwe kuwa kifo cha kazini, familia ieleze ilikuwaje tangu aumie mpaka mwisho. Vinginevyo kitabaki kuwa ugonjwa wa nyumbani.

Nshoma alijibu kwa niaba ya ukoo. "Mdogo wangu alikuwa mzima, wazee. Homa ilimchukua ghafla. Hakuwa na aibu yoyote mwilini."

Wazee wa ukoo waliitikia kwa vichwa. Mabwana wa ofisi nao waliitikia. Walikuwa bado kwenye kikombe cha kwanza cha chai. Hapo ndipo Nimpaye aliposimama katikati ya mkeka wa waombolezaji, kichwa amekifunga kitambaa cha msiba, akasema, "Si kweli. Andikeni." Akaeleza yote. King'ora kilichokufa, nyonga, mkojo, vitambaa alivyovifua alfajiri, majani aliyochoma ili mgeni asisikie harufu, neno "hajambo" alilolitamka yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Aliwaambia na rangi ya usaha. Nshoma aliinuka katikati ya maelezo, akatoka nje, na wanaume wengine wawili wakamfuata. Tecla alikuwa anaandika huku machozi yanadondoka juu ya kioo.

Ripoti ya mwaka uliofuata ilisomwa tena pale kwenye kata. Ilisema kulikuwa na kifo kimoja, cha mfanyakazi wa mkandarasi. Jina halikutajwa. Ilisema pia kwamba majeruhi sasa hutembelewa na muuguzi, na kwamba muuguzi hampimi mtu kwa kuuliza familia. Anafunga mlango, anafunua mwenyewe. Watu wa Mabawe hawakupiga makofi safari hiyo. Walimtazama Nimpaye, kisha wakatazama pembeni.

Nshoma hajamsalimia mpaka leo. Akimwona anakuja anavuka kwenda upande mwingine wa njia. Katika ukoo anaitwa mwanamke aliyemvua mumewe mara mbili, mara ya kwanza akiwa hai na mara ya pili kaburini, na kuna akina mama ambao hawampi tena watoto wao awashikie. Ni mke wa Nshoma tu, Suzan, anayekuja kwa kujiiba kumsaidia shambani. Majuzi walikuwa wanang'oa maharage pamoja, na Suzan, ambaye swali hilo lilikuwa limemkaa rohoni muda mrefu, akalitoa.

"Dada, ukikaa peke yako hujuti? Ile siku, lile blanketi. Alikufa amekununia."

Nimpaye aliendelea kung'oa mpaka mwisho wa tuta. Alikung'uta udongo kwenye mizizi, akaweka fungu chini, akanyoosha mgongo.

"Najuta," alisema. "Najuta sikulivuta ile mara ya kwanza, yule binti akiwa anakunywa chai. Angeninunia mwaka mzima. Angehamia hata kwa kaka yake. Leo ningekuwa na mume aliyenuna, Suzan, nami ningekuwa nampelekea chakula huko huko, ananigeuzia mgongo na anakula."

Kisha akainama kwenye tuta lililofuata, na Suzan akainama kando yake.